Viungo vya Wazee wa Mashine Havina Mwenyewe

Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, madaktari wa figo na wasimamizi wa vitengo vya kusafisha damu nchini Tanzania

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu. Ninawaandikia juu ya jambo lisiloonekana katika taarifa zetu za kila mwezi. Humo tunajaza uzito mkavu, presha, potasiamu, wingi wa damu na hali ya mshipa wa fistula. Hakuna mahali pa kujaza kwamba mzee fulani hawezi tena kufunga vifungo vya shati lake, au kwamba bibi anayekuja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi sasa anapandishwa kitini na watoto wake wawili, ilhali mwaka jana alipanda mwenyewe. Maumivu ya viungo vya wazee hawa tumeyapa sababu mbili tu, uzee na figo. Tukishazitaja tunafunga mjadala na kwenda kumwunganisha mgonjwa mwingine.

Baadhi yao hawaumwi uzee. Wana baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Huo ni ugonjwa wenye tiba, nao hawatibiwi. Wengine wanatibiwa, lakini kwa dawa ambayo kwa mtu asiye na figo ni sumu. Barua hii ni kwa ajili ya makundi hayo mawili.

Najua jibu litakalotangulia: viungo ni kazi ya daktari wa mifupa, au ya bingwa wa baridi yabisi. Mabingwa wa baridi yabisi nchini ni wachache mno, na mzee anayetumia siku tatu za wiki kwenye mashine hana nguvu wala nauli ya kumfuata bingwa mkoa mwingine. Akienda kliniki ya kawaida anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa arudi kwa watu wake wa figo. Akirudi kwetu tunamwambia aende kwa watu wa mifupa. Kumbe hakuna mgonjwa wa nje anayeonwa na wahudumu wa afya mara nyingi kama huyu. Mgonjwa wa presha tunamwona mara moja kwa mwezi, akibahatika. Huyu tunakaa naye saa nne kwa kila safari, mara tatu kwa wiki, au mbili kwa yule ambaye gharama zimemshinda, mikono yake ikiwa mbele ya macho yetu muda wote.

Isitoshe, kiungo kinachouma kinapunguza kazi ya mashine yenyewe. Mzee aliyevimba bega au kiwiko hawezi kuunyoosha mkono wa fistula kwa saa nne. Saa ya pili anaanza kujigeuzageuza, ya tatu anaomba atolewe. Tukimtoa, maji na potasiamu vinabaki mwilini, na baada ya mapumziko marefu ya mwisho wa wiki analetwa akihema. Sisi tunaandika kwamba mgonjwa hafuati masharti ya maji, na kumbe tatizo lilianza begani.

Upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Ni jambo la kujivunia, na vijana wengi wana tumaini hilo. Lakini mzee wa miaka 75 mwenye moyo uliochoka hatapandikizwa. Kwake mashine ndiyo tiba hadi mwisho, na namna atakavyoishi miaka hiyo, akiweza kushika kikombe au asiweze, ni sehemu ya tiba hiyo.

Ugumu wa kuutambua ugonjwa huu kwa mgonjwa wa mashine ni wa kweli, na siwatuhumu madaktari wetu kwa uvivu. Karibu kila alama tunayofundishwa kuitafuta ina mwigo wake katika figo zilizokufa. ESR yao, kipimo cha damu cha uvimbe, huwa juu hata viungo vikiwa salama. CRP, kipimo kingine cha uvimbe, nayo hupanda kwa sababu nyingi: katheta, ufizi uliooza, hata uchokozi wa kudumu ambao damu huupata kwa kupitishwa kwenye mashine. Upungufu wa damu, ambao kwa mtu mwingine ungetutilia shaka ya uvimbe wa muda mrefu, kwa hawa ni jambo la kila siku. Kipimo cha RF, yaani cha kingamwili zinazohusishwa na baridi yabisi, ambacho maabara zetu nyingi hukitegemea, hutoka chanya kwa wazee wengi wasio na baridi yabisi, na pia kwa wenye homa ya ini C, ugonjwa ambao vitengo vya kusafisha damu duniani kote vimepambana nao. Homa hiyo ya ini yenyewe huumiza viungo. Mgonjwa anaweza basi kuwa na maumivu ya vidole na RF ya juu, na bado asiwe na baridi yabisi.

Ndiyo maana nina shaka na namna tunavyotumia vigezo vya kimataifa vya 2010, vile vilivyotungwa kwa pamoja na vyama vya mabingwa wa baridi yabisi wa Marekani na Ulaya. Vinatoa alama kwa idadi ya viungo vilivyoathirika, kwa RF au anti-CCP (kingamwili nyingine ya ugonjwa huu), kwa ESR au CRP, na kwa dalili zilizodumu wiki 6 au zaidi. Anayefikisha alama 6 kati ya 10 huhesabiwa kuwa na ugonjwa. Mzee wetu ana alama ya ESR mkononi kabla kiungo chochote hakijavimba. Ya muda anayo, kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza ndani ya hizo wiki 6. Mwongezee RF iliyoletwa na homa ya ini na vidole viwili vinavyouma, tayari amefikisha. Vigezo hivyo vinadai kwanza kwamba kiwepo kiungo kilichovimba kweli, na kwamba uvimbe huo usiwe na maelezo mengine yaliyo bora. Sharti hilo la mwanzo ndilo tunaloliruka, na kwa mgonjwa wa mashine ndilo lenye kazi yote.

Maelezo mengine ni mengi. Kuna jongo. Kuna fuwele za kalsiamu zinazovimbisha goti au kifundo cha mkono ghafla, usiku mmoja, hata mtu ashindwe kukanyaga chini. Kuna tezi za shingoni zinazodhibiti kalsiamu, ambazo figo zikifa hufanya kazi kupita kiasi na kuimumunya mifupa. Picha ya eksirei ya vidole vya mgonjwa kama huyo ina mimomonyoko ambayo mtu mwenye haraka ataisoma kuwa ni baridi yabisi. Halafu kuna ugonjwa unaowapata waliokaa kwenye mashine miaka mingi. Mwaka 1985 watafiti wa Japani walionyesha kwamba protini ndogo iitwayo beta-2 maikroglobulini, ambayo figo nzima huichuja na mashine haiimalizi, hujikusanya kwenye mabega na vifundo vya mikono. Wagonjwa hao huumwa mabega usiku na wakiwa kwenye mashine, na vidole hufa ganzi kwa sababu mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Vichujio vyenye matundu makubwa huipunguza protini hiyo. Dawa za kutuliza kinga hazina kazi hapo.

Na kuna usaha. Hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Mgonjwa mwenye katheta shingoni, goti moja limevimba na lina joto, huyo ana maambukizi ndani ya kiungo mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama hana homa. Wazee wa mashine mara nyingi hawapandi homa. Nimeona goti kama hilo likichomwa sindano ya steroidi kabla ya mtu yeyote kutazama maji yaliyomo. Kanuni iwe moja: sindano ya kutoa itangulie sindano ya kuingiza. Maji ya kiungo yakivutwa, yakahesabiwa chembe, yakaoteshwa kutafuta bakteria na kutazamwa fuwele kwa hadubini, jongo, fuwele za kalsiamu na usaha hutenganishwa kwa gharama ndogo kuliko ya kipindi kimoja cha mashine. Ifanyike kabla ya kumwunganisha, au siku asiyo na mashine, maana heparini tunayompa inaweza kukijaza damu kiungo kilichochomwa.

Upande wa pili nao una mitego. Baridi yabisi inayoanza baada ya miaka 60 haifanani sana na ile ya vitabuni. Mara nyingi huja kwa kishindo, ikaanzia mabegani na kwenye viungo vikubwa, mgonjwa akakonda na kuishiwa nguvu. RF yake yaweza kuwa hasi. Wanaume nao hupatikana kwa wingi kuliko katika ile ya ujanani. Mzee wa namna hii kitengoni ataambiwa hasafishwi vya kutosha, au anahisi baridi ya kiyoyozi.

Nini basi kinasaidia? Kwanza swali. "Shikamoo bibi, ukiamka vidole vinakaza mpaka saa ngapi?" Akisema vinalegea akishanawa uso, hilo ni jambo jingine. Akisema mpaka saa tatu, jua likishapanda, ndiyo anaweza kushika sufuria, tumepata kitu ambacho hakuna maabara ingetupa. Pili, kuvishika viungo, kimoja kimoja, mikono yote miwili, kutofautisha uvimbe mlaini wa utando na mfupa mgumu wa kiungo kilichosagika. Mkono wa fistula ushikwe kwa hadhari, lakini ushikwe. Tumezoea kuuogopa kiasi kwamba vidole vyake havichunguzwi kamwe. Tatu, anti-CCP, ambayo haidanganywi kirahisi na uzee wala homa ya ini C kama RF inavyodanganywa. Nne, ultrasaundi. Vitengo vingi vina mashine hiyo ya kutafutia mishipa wakati wa kuweka katheta. Kipima hicho hicho, mikononi mwa mtu aliyefundishwa, huonyesha utando ulionenepa na damu inayozunguka ndani yake, bila dawa yoyote ya kuchomwa mshipani. Hilo ni muhimu kwa hawa, kwani tangu 2006 inajulikana kwamba baadhi ya dawa za gadolinia zinazotumika kwenye MRI, hasa zile za aina ya zamani, zinaweza kumkakamaza ngozi na viungo mtu asiye na figo.

Nije kwenye matibabu, na nianze na lililonifanya nichukue kalamu.

Methotreksati ni dawa ya kwanza ya baridi yabisi duniani, na ni haki yake. Ni nafuu, inafanya kazi, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini njia yake ya kutoka mwilini ni figo. Kwa mgonjwa wa mashine haitoki. Inajificha ndani ya chembe, na mashine ya kawaida haiifikii vya kutosha. Madaktari wa nchi mbalimbali wameripoti wagonjwa wa mashine ambao dozi moja ndogo, miligramu 7.5 au chini ya hapo, ilizima uboho wao. Dawa hii imekatazwa kwao. Hakuna dozi salama ya kujaribu, na kuipunguza nusu si tahadhari.

Nimemhudumia mama wa miaka sabini na kitu aliyefika kitini akiwa na vidonda mdomoni, hawezi kumeza hata mate yake. Aliandikiwa methotreksati katika kituo kingine, na mtu aliyeviona vidole vyake na hakuuona mkono wa fistula. Kidonge kilikuwa cha mara moja kwa wiki. Nyumbani walimpa kila siku, kama wanavyompa vidonge vyake vingine vyote. Chembe nyeupe, chembe nyekundu na chembe sahani zilishuka kwa pamoja, na alifariki kwa maambukizi ya damu. Watoto wake waliniuliza kama ni figo. Katika cheti sababu iliyoandikwa ni figo.

Kadi ya kila mgonjwa wa kusafisha damu inaweza kupigwa muhuri mwekundu: ASIPEWE METHOTREKSATI. Mfumo wa kompyuta wa famasia unaweza kuizuia kwa jina lake. Muhuri huo hauhitaji bajeti wala kikao cha Dodoma.

Dawa za maumivu ni tatizo la mtaani zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni mzee anazipata dukani bila cheti, na wapo wanaodhani kwamba figo zikishakufa hakuna tena cha kuharibu. Si kweli. Wagonjwa wetu wengi bado wanakojoa kidogo, na mkojo huo kidogo unawapa uhuru wa kunywa maji na unawaongezea maisha. Dawa hizi huukausha. Tena huchubua tumbo la mtu ambaye tunampa heparini mara tatu kwa wiki, na matokeo yake ni choo cheusi na safari ya kuongezewa damu. Parasetamoli, barafu, kifundo kufungwa bandeji ya kukipumzisha, mazoezi mepesi ya vidole wakati mashine inaendelea, hayo yatangulie. Kolchisini ya jongo nayo mashine haiitoi. Wapewe kwa dozi ndogo isiyorudiwa mapema, au wasipewe kabisa.

Prednisoloni kwa dozi ya chini inawasaidia sana, na mara nyingi ndiyo inayomrudisha mzee kwenye miguu yake ndani ya siku chache. Ninaiogopa kwa sababu hiyo hiyo. Akishapata nafuu, hakuna anayekumbuka kuipunguza. Anainunua mwenyewe, anapata hamu ya kula, uso unajaa, majirani wanamsifu kwamba amenawiri. Mwaka unaofuata sukari imepanda, mifupa imelainika, na jeraha la katheta halifungi. Tukiianzisha, tarehe ya kuipitia iandikwe siku hiyo hiyo kwenye kadi. Kama kiungo kilichovimba ni kimoja au viwili, na maji yake yameshapimwa na hayana bakteria, sindano ndani ya kiungo ni bora kuliko kidonge cha kila siku.

Kwa muda mrefu zipo njia. Haidroksiklorokwini kwa dozi iliyopunguzwa inawezekana, ila ugonjwa wa figo ni miongoni mwa mambo yanayozidisha hatari yake kwa retina, hivyo daktari wa macho awe sehemu ya mpango tangu mwanzo. Salfasalazini imetumika kwa uangalifu kwa dozi ndogo. Leflunomidi pia, chini ya uangalizi wa ini na presha. Ushahidi kwa wagonjwa wa mashine si mwingi kwa dawa yoyote kati ya hizi, kwa sababu tafiti kubwa huwaacha nje watu wasio na figo. Kwa hiyo huyu hatibiwi kwa mazoea. Anatibiwa kwa kuangaliwa, na kuangaliwa ndiko tunakokuweza kuliko kliniki yoyote: damu yake tunaichukua tunapotaka, bila kumchoma mara ya pili.

Dawa za kibayolojia, kama etanersepti na adalimumabu, hazitegemei figo kutoka mwilini, na Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumabu katika orodha yake mwaka 2019. Bei yake bado ni mlima kwa familia nyingi, na kabla ya kuzianza ni lazima kutafuta homa ya ini B na kifua kikuu. Hapo pana mtego wetu sisi hasa. Kinga ya mgonjwa wa mashine imedhoofika kiasi kwamba kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinaweza kutoka hasi na ugonjwa ukawepo. Historia ya nyumba anayoishi, picha ya kifua na makohozi vipewe uzito kuliko kipimo hicho cha ngozi.

Kwa Wizara ninaomba kwamba toleo lijalo la Mwongozo wa Taifa wa Matibabu liwe na kifungu kinachosema wazi dawa za viungo zilizokatazwa kwa wagonjwa wa kusafisha damu na dozi za zile zinazoruhusiwa. Maduka ya dawa muhimu nayo yafikiwe, kwa sababu wazee hupita huko kwanza. Kwa Mfuko, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imetupa sababu ya kutumaini, na ninaomba kitita cha mgonjwa wa mashine kitambue kuvuta maji ya kiungo, ultrasaundi ya viungo na anti-CCP bila kudaiwa barua ya bingwa ambaye mkoa hauna. Kwa wasimamizi wa vitengo: teueni daktari mmoja na muuguzi mmoja wa kuvitazama viungo vya kila mgonjwa mwenye zaidi ya miaka 60, mara moja kwa mwezi, akiwa tayari kitini. Bingwa wa mbali aonyeshwe picha za mikono na majibu kwa simu, na mgonjwa asafiri tu pale inapobidi.

Nanyi watoto na wajukuu mnaowaleta, tafadhali tuleteeni mfuko wote wa dawa, pamoja na dawa za kuchua, za miti shamba na zile mlizonunua njiani. Hatutawagombeza.

Fomu ya ukurasa mmoja ya kukagua viungo nimeshaiandaa pamoja na wenzangu wa zamu. Ina mchoro wa mikono miwili, swali la asubuhi, orodha ya dawa na nafasi ya tarehe ya kupitia prednisoloni. Tunaomba mtuambie tuipeleke ofisi gani ili ikaguliwe na ianze kutumika.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu